Uchambuzi wa kisa: misioni ya Handeni na mkopo wa kikoba

Ripoti rasmi ya safari hii ipo, kurasa mbili, imesainiwa na imekaa kwenye faili la kamati ya uinjilisti. Ninayoandika hapa ni ile ndefu, maana zile kurasa mbili zinasema tatizo lilikuwa nini ila hazisemi lilipita njia gani mpaka likafika lilipofika, na najua sharika nyingi za hapa Dar kila ikifika katikati ya mwaka zinapakia Kosta kwenda misioni vijijini kwa mpango uleule uliotumika huku kwetu. Kijiji sitakitaja, usharika sitautaja, watu nitawaita kwa vyeo vyao inatosha.

Kisa chenyewe. Mwaka juzi mwezi wa sita watu 36 walitoka Dar kwenda kijiji kimoja wilaya ya Handeni, misioni ya kuanzia Jumanne hadi Jumapili. Asubuhi nyumba kwa nyumba, mchana kupima presha na sukari pale zahanati, jioni mkutano wa injili uwanja wa shule, usiku sinema kwenye shuka jeupe. Mimi sikuwemo, nilichanga tu kama washarika wengine. Waliporudi walitoa ushuhuda ibada ya kwanza na ya pili, picha zikapita kwenye skrini, uwanja umejaa, watoto wamening'inia kwenye miembe, makofi na vigelegele. Kila mtu alijua ile misioni imefana, na kwa mambo mengi kweli ilifana, sitaki mtu anisome vibaya hapa.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata kamati ikaamua turudi kijiji kilekile tukamwagilie kilichopandwa, nikatumwa mimi na mzee mmoja wa kanisa tutangulie kuandaa. Basi la asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Chalinze, Mkata, Handeni mjini, halafu bodaboda na vumbi. Tulipokelewa vizuri tu, chai ikaja, ila kila tukigusa habari ya tarehe mwinjilisti wa mtaa, yaani wa tawi la kanisa la pale kijijini, anahamisha mazungumzo, mara mvua, mara panya wanavyokula mahindi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni Mwislamu na mara ya kwanza ndo aliyetoa uwanja bila maneno, safari hii akatuambia kwa upole kwamba uwanja utakuwa na shughuli. Tarehe zipi? Zote. Halafu pale kijiweni kijana mmoja wa bodaboda akatuangalia akauliza, nyie ndo wale wageni wa mkopo?

Mzee niliyekuwa naye ni mtu wa zamani, hana haraka. Jioni akamwambia mwinjilisti, mwanangu, sisi tumetumwa, kama kuna jambo litoe turudi nalo. Mwinjilisti akasema hamna jambo mzee, Mungu ni mwema. Mkewe alikuwa pembeni barazani anapepeta mahindi ya makande, yeye ndo akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kauntabuku akampa mzee mkononi, akarudi kwenye ungo wake wala hakusema kitu.

Kauntabuku lenyewe lilikuwa la mtoto, mbele kuna hesabu za darasa la nne na vema za mwalimu, ukiligeuza nyuma ndo unakuta WAGENI WA DAR imepigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Mchele kilo 100, shilingi 250,000. Mbuzi wawili 180,000. Mafuta ya kula dumu moja 100,000. Maharage kilo 30, 75,000. Sukari kilo 15, 45,000. Maji 150,000. Jumla laki nane. Chini yake michango ya mtaa, majina ya washirika na mbele ya kila jina alicholeta: kuku, kuku, mzigo wa kuni, 5,000, debe la mahindi, 2,000, kuku. Fedha taslimu ikafika 210,000. Halafu mistari miwili ya mwisho, ya mikopo: kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, 500,000, duka 90,000.

Ile laki na nusu ya maji ndo ilinishangaza kuliko yote. Handeni na maji ni habari ya siku nyingi, anayeijua wilaya ile ananielewa. Lambo lipo ila maji yake ni ya kufulia na ng'ombe, ya kunywa na kupikia yanaletwa na vijana wa pikipiki, dumu la lita 20 shilingi 500. Sasa watu 36 waliozoea kuoga asubuhi na jioni, na vumbi lile, na kupika, na vyombo, ikawa madumu 60 kwa siku. Zidisha kwa siku tano. Mama mwinjilisti alituhadithia bila kulaumu kabisa, anasema kulikuwa na binti mmoja wa kwaya kila jioni anafua raba zake nyeupe kwa ndoo nzima, "maskini, na vumbi letu hili."

Na mchele nao ulikuja hivi. Mwezi wa sita kule watu wanavuna mahindi, ghala zina kitu, na mtaa ulishajipanga kuwalisha wageni ugali na kunde na kuku, hela ingetoka kidogo sana. Mchungaji wao ndo akapiga simu: wageni ni wa Dar hao, wapikieni wali, msituaibishe. Kumbe kwenye ile Kosta nusu ya watu walikuwa wanautamani huo ugali wa mahindi mapya, hilo nimelisikia baadaye kutoka kwao wenyewe.

Sasa tuje kwenye bajeti ya Dar, nayo nimeipitia mstari kwa mstari. Kosta 1,800,000, Fuso la vyombo na nguo 1,200,000, spika, jenereta na mafuta yake 450,000, dawa na vipimo 700,000, Biblia na vitabu vya nyimbo 600,000, fulana 36 za 12,000 ambayo ni 432,000, mpiga picha na drone yake 350,000. Ukijumlisha ni 5,532,000. Kuna mstari mwingine unasema "Chakula na malazi: wenyeji", na kwenye safu ya kiasi kuna kistari. Kistari tu, kama vile wenyeji wanaokota chakula njiani. Michango ilifika 6,050,000, kwa hiyo zilibaki 518,000, na kwa nia nzuri kabisa zikahamishiwa mfuko wa ujenzi.

Kwa hiyo siyo ubahili. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanakimbilia kusema watu wa Dar wachoyo. Usharika ule mhasibu angesimama Jumapili aseme jamani pungufu laki sita za jikoni, zingepatikana kabla ya baraka.

Kikoba sasa, kwa wale ambao hamjawahi kukaa nacho. Kile cha pale kijijini kina wanachama 25, wanakutana kila Jumatano, wananunua hisa, wanakopeshana, Desemba wanavunja na kugawana. Mkopo mwisho ni mara tatu ya hisa zako na lazima watu wa kundi lako dogo wakudhamini. Mama mwinjilisti alikuwa na hisa za 170,000, maana yake mwisho wake ni 510,000, akachukua 500,000 kwa riba ya asilimia 10, arudishe ndani ya miezi mitatu. Alijibana mpaka ukutani. Waliomdhamini ni akina mama watatu, wawili Waislamu, na kikoba chenyewe zaidi ya nusu ni Waislamu kama kijiji kilivyo.

Barua iliyosomwa Dar wakati wa kuchangisha ilisema misioni inakwenda "maeneo ambayo injili haijashika mizizi", na kila msharika anaijua hiyo lugha inamaanisha akina nani. Basi hao waliofuatwa ndo waliowalisha waliowafuata, kwa hisa zao za Jumatano, na hakuna aliyewauliza.

Unaweza kusema mama yule naye alijitakia, nani alimtuma akope? Mzee alimuuliza kwa adabu na akajibiwa kwa adabu. Wageni wakubwa huwa wanaacha kitu, ndivyo alivyoona maisha yake yote, na wageni hawa walionekana wakubwa kuliko wote waliowahi kuja. Na kweli waliacha. Waliacha mifuko ya nguo, ahadi ya bati 60 za kanisa, na bahasha ya asante kwa mwinjilisti yenye 100,000. Tisini ikaenda dukani siku ileile, kumi ikabaki.

Halafu kuna sadaka ya Jumapili ya mwisho, hapa ndo utaratibu ulivyotembea. Siku ile sadaka ilikuwa 180,000, haijawahi kutokea pale, na sehemu kubwa ilitoka kwa wageni wenyewe, walitoa kwa moyo wakijua wanawaachia wenyeji. Ila sadaka ya mtaa haibaki mtaani. Inapanda usharikani, na fungu lake linapanda dayosisi. Mchungaji alikuwepo, akaihesabu na wazee, akaandika, akaondoka nayo kama anavyotakiwa kufanya kila Jumapili. Hakuiba mtu hapo. Wageni walidhani wameacha hela jikoni kumbe wameitia kwenye gari la mchungaji.

Mwezi wa nane mama akauza mahindi, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, akarudisha 120,000. Deni na riba ni 550,000, likabaki 430,000. Desemba kikoba kinavunjwa, hisa zake zilishafika 240,000, zikakatwa zote. Zikabaki 190,000 na hizo zikaangukia wadhamini, kila mmoja 63,000 na ushee.

Mmoja wa hao watatu tulimfuata kwake asubuhi ya pili. Bi mkubwa hivi, Mzigua, tulimkuta anasuka ukili, tukamwamkia, akaitikia, akatutolea vigoda. Mjukuu wake alichaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni, ada za sekondari za serikali zilifutwa tangu 2016 hilo sawa, ila godoro, ndoo, sare, madaftari na nauli havijafutwa, na alikuwa amevitegea ule mgao wa Desemba. Kijana akaripoti shule nyuma ya wenzake. Hakututukana. Alisema, "Yule ni jirani yangu, aliniuguza nilipovunjika mguu, nitamdhamini hata kesho. Na mgeni kula siyo kosa, mgeni anakula. Ila nyinyi mngemwambia mwenzenu mapema, tunakuja wangapi, tunaacha nini. Mtu mzima hafanywi vile." Mzee wangu wa kanisa akamwomba radhi kwa niaba ya wote. Akasema yamepita, kisha akauliza kama yule daktari wa presha atarudi, maana dawa alizompa zilimfaa.

Na hapo kwenye daktari ndo kwenye kiini cha uchambuzi wangu, naomba tukae hapa kidogo. Huduma ya afya ilienda vizuri mno. Kwa nini? Kwa sababu mganga mkuu wa wilaya alitaka karatasi. Alitaka usajili wa madaktari kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, orodha ya dawa, tarehe zake za kuisha, nani atawafuatilia wagonjwa wageni wakiondoka, na akasema kila kitu kifanyike zahanati pamoja na muuguzi wa pale, siyo chini ya mti. Dar walinung'unika sana, urasimu, urasimu. Lakini matokeo yake mtu aliyekutwa na presha mwezi wa sita hadi leo ana kadi zahanati na muuguzi anamjua kwa jina. Mkutano wa hadhara vilevile: polisi walitaka barua yenye tarehe na saa ya kuzima spika, serikali ya kijiji ikataka kujua uwanja na usafi wake, vyote vikaandikwa, hamna aliyelalamika. Kila kitu kilichokuwa na ofisi ya kuuliza "kiasi gani, nani analipa, nani anabaki nacho" kilienda sawa.

Jiko halina ofisi. Hakuna mkuu wa wilaya wa sufuria. Akina mama wanne wanaoamka saa tisa usiku kuwasha moto hawaandikiwi barua na mtu, na wao wenyewe hawatapiga simu Dar kusema jamani hatuwezi. Watapiga na namba gani kwanza? Mwinjilisti wa mtaa ana namba ya mchungaji wake. Mchungaji ana namba ya mkuu wa jimbo na ya mwenyekiti wa kamati ya Dar. Ujumbe kutoka Dar unashuka vizuri sana kwenye hiyo ngazi, kupanda ndo haupandi. Na pale katikati kuna zile bati 60. Mwinjilisti akisema wageni wametuachia deni, mchungaji atasikia bati zinaondoka, na kanisa lao linavuja, nimelala mita chache kutoka pale nimeona mabeseni. Kwa hiyo mtu ananyamaza kwa akili timamu kabisa. Bati zenyewe hadi naandika hazijaenda.

Walivyokaa kamati Dar kusikiliza haya, ndugu mmoja akafungua Luka 10, kwamba Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba na akawaambia wale vitakavyowekwa mbele yao, mtenda kazi anastahili ujira. Sawa kabisa, imeandikwa. Ila sabini wale walitumwa wawili wawili, jamani. Nyumba moja ya kijijini inaweza kulisha watu wawili na isijue kama imelisha. Watu 36 na jenereta hawakuandikwa pale. Na Paulo, ambaye ndo mmisionari tunayependa kumtaja, anawakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, na Wakorintho anawaambia wazi, "sivitafuti vitu vyenu, bali nawatafuta ninyi."

Mi nikaongeza na Didake, maandishi ya kanisa la mwanzo kabisa ya namna ya kuendesha mambo, ambamo hili limewekewa hadi muda: mtume akija apokelewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi na ya pili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo, na akiondoka apewe mkate tu wa kumfikisha anakolala. Watu wakacheka, mmoja akasema basi ni ileile ya kwetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni ileile ndiyo. Mwalimu Nyerere naye aliitumia mwaka 1962 akieleza ujamaa. Makanisa ya karne za mwanzo yalikuwa ya watu wa kipato kidogo, yalishachoka kulisha wahubiri, yakaandika. Sisi wenzetu wa kijijini hawajaandika, wamekopa.

Kuna kitu kingine ambacho naona hakisemwi. Hata mmisionari Krapf alipokwenda Vuga mwaka 1848 kwa Kimweri, milima ileile ya Usambara ambayo siyo mbali sana na Handeni, alikwenda kama mgeni wa mtawala, mtu mwenye uwezo wa kumlisha na mwenye uwezo wa kumwambia hapana. Siku hizi anayempokea mmisionari wa wiki moja ni mwinjilisti ambaye posho yake yenyewe inachelewa. Uwezo wa kusema hapana hana. Ukishajua mwenyeji wako hawezi kukukatalia, "karibuni sana" yake isikutoshe, inabidi uulize zaidi.

Sasa wapo waliotoa dawa nyingine: twende na kila kitu chetu, mpishi kutoka Dar, simtanki la maji juu ya Fuso, mahema, tusimguse mtu. Nimeona makundi yanafanya hivyo na mimi binafsi siipendi hata kidogo. Unakuta watu wamezungushia turubai wanakula pilau ndani, wenyeji wamesimama nje wananusa. Kijijini kukataa chakula cha mtu ni kumwambia nyumba yako chafu. Na mazungumzo ya maana ya ile misioni, kwa ushuhuda wa waliokwenda, yalitokea jikoni usiku, siyo jukwaani, mabinti wa Dar wakichambua mchele na wenyeji. Kula kwa watu ni lazima. Ila mle wachache, mle ugali, na jikoni kulipwe kabla moto haujawashwa.

Kamati ilibishana kweli. Mmoja akasema tukilipa leo tunamdhalilisha mwenyeji, ukarimu haulipwi. Mwingine akasema mkopo ni wa mtu binafsi, kanisa halikukopa, tukifungua mlango huu kila mtaa utaleta kauntabuku. Huyu wa pili alinikera ila hoja yake siyo ya kijinga, ipo misioni ambayo wenyeji walipandisha bei ya kila kitu baada ya kuona Kosta. Jibu la hiyo ni kuandikiana bei kabla, siyo kuacha kistari. Mzee wangu wa safari hakusema mengi, aliomba tu ile kauntabuku, tuliyoipiga picha kwa simu, iwekwe kwenye skrini ileile zilipopita picha za drone. Ikawekwa. Baada ya hapo mabishano yakapungua.

Zile 518,000 zikarudishwa kutoka mfuko wa ujenzi, ikaongezwa 32,000, ikawa 550,000. Swali likawa zipelekwe vipi. Kwa utaratibu zipitie kwa mchungaji. Tukampigia, tukamweleza, akakubali, na nimpe haki yake, alishtuka kwa dhati, alijua kuna shida ndogo ya duka tu. Ila pesa ikaenda moja kwa moja kwenye simu ya mtunza hazina wa kikoba: 190,000 irudi kwa wadhamini, 360,000 kwa mama mwinjilisti ambazo ni hisa zake na yale mahindi. Ikasomwa Jumatano mbele ya wote na mama mwenyewe. Kijana wetu wa mitandao aliomba aende kurekodi, akaambiwa akae Dar. Hili nalishukuru kuliko hata pesa yenyewe, maana deni lililosemwa hadharani likilipwa kimyakimya kijiji kinaendelea kulihesabu, na likilipwa na kamera linageuka sadaka.

Misioni ya pili tulimwomba mama mwinjilisti atupangie yeye, na hapa tulipata elimu. Akasema watu wasizidi wanane. Waje mwisho wa mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani, wakale ugali. Hela ya jikoni ifike wiki mbili kabla kwenye simu yake, siyo ya mume wake (mwinjilisti alikuwepo, akacheka huku anakuna kichwa). Maji yalipwe kwa dumu na wageni waambiwe bei siku ya kwanza. Wapishi wanne, 10,000 kila mmoja kwa siku, na akina mama wa kikoba wasio Wakristo wawe wanapika pia kwa zamu, kwa malipo yaleyale. Na asubuhi moja wageni wote waende kuchota maji na ndoo kichwani. Hiyo ya mwisho nilidhani ni utani, mzee akaniambia andika.

Na kwa mwenyekiti wa kijiji, uwanja ukapata nafasi.

Huku Dar bado kuna ngoma nzito. Kwaya imekasirika, maana kwenye watu wanane hawaingii, na mwalimu wa kwaya anauliza kila kikao misioni bila kwaya ni misioni gani. Sina jibu zuri la kumpa, kijiji kiliwapenda kweli na nyimbo zao watoto wanaziimba hadi leo. Pendekezo lililopo ni waende Jumamosi na kurudi Jumapili na chakula chao cha njiani, na mimi sijashawishika, barabara ile kwenda na kurudi kwa siku mbili ni kuchosha watu. Litaamuliwa kikao kijacho.

Kilichopita bila ubishi ni kwamba mstari wa "Chakula na malazi: wenyeji" umefutwa kwenye bajeti zote, na mahali pake kunaandikwa kiasi kilichotajwa na wapishi wenyewe, jina la aliyekitaja na namba ya simu kilikotumwa, bila hivyo mhasibu hasaini hela ya Kosta. Mhasibu akauliza kama hii inawahusu na wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani wanaokuja mwakani. Inawahusu, tena wao zaidi, maana wao huwa wanafuatiwa hadi soda za baridi kwa bodaboda kutoka mjini.